Udongo wa Kondoa na Kazi ya Profesa Idris Kikula

Mvua ya Dodoma katika mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena haiji kwa upole. Hupiga kwa nguvu kwa muda mfupi, ikiikuta ardhi iliyokaa miezi kadhaa bila tone, nyasi zimekwisha kuliwa na jua limekausha kilichobaki. Ndiyo maana mtaalamu wa udongo katika nyanda hizi huanza na swali moja: maji haya yanazama ardhini, au yanaondoka na udongo? Mada hii inafuatilia jinsi swali hilo lilivyotafutiwa majibu kwa karibu miaka mia moja, na mchango wa msomi aliyetoka kwenye utafiti wa ardhi akaja kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Profesa Idris Kikula.

Jibu la kwanza lenye tarakimu lilitoka Mpwapwa. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko wa wastani, akawa anapima maji na matope yanayotiririka kutoka katika kila kipande. Kipande kilichoachwa tupu kilipoteza nusu ya mvua yote pamoja na tani zipatazo 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kilicholimwa nafaka kilipoteza robo ya mvua na tani 78 hivi. Kichaka ambacho hakikuguswa kilipoteza maji chini ya asilimia moja, na udongo wake ukabaki pale pale. Mteremko ulikuwa ule ule na mvua ile ile. Kilichotofautiana ni kilichofunika ardhi.

Sababu yake inaonekana hata kwa macho. Baada ya mvua ya kwanza kwenye shamba tupu, inama uutazame udongo kwa karibu. Matone yamevunja mabonge madogo, chembe laini zimeziba vitundu, na juu pamefanyika gamba jembamba ambalo likikauka hupasuka vipande vipande na kujikunja kingo. Mvua inayofuata haina pa kuingilia. Chini ya kichaka mambo ni mengine: majani makavu hupokea kishindo cha tone, mizizi imefungua njia, na mchwa wametoboa ardhi kila upande.

Mchwa wanastahili kuzungumziwa zaidi ya hapo, kwa sababu mkulima huwajua zaidi kama adui wa paa na ghala. Katika ardhi kame ambako minyoo ni michache, wao ndio wanaochukua majani na miti iliyokufa, wakaiingiza chini na kurudisha juu udongo wa mfinyanzi kutoka katika tabaka ambazo jembe halifiki. Watu wa nyanda za kati wanalijua hilo bila kwenda maabara: udongo wa kichuguu unafinyangwa matofali, na mahali kichuguu kilipobomolewa mtama husimama vizuri kuliko pembeni yake.

Inasikitisha kwamba vipimo vya Mpwapwa vilikuwa vimekwisha kuchapishwa kabla ya Uingereza kuanzisha mradi mkubwa wa karanga hapo jirani, Kongwa, mwaka 1947. Matingatinga yaling'oa vichaka, mvua haikutosheleza, na udongo wenye mchanga na mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja zana. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Waliopanga hawakukosa fedha wala mashine. Walikosa subira ya kuisoma ardhi, ilhali waliokuwa wakiisoma walikuwa wilaya ile ile.

Baada ya uhuru kazi ya upimaji ilihamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anders Rapp kutoka Sweden, pamoja na Len Berry na Paul Temple, waliongoza uchunguzi wa mmomonyoko uliochapishwa mwaka 1972, ukiwamo wa mabwawa ya Dodoma. Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwaka 1957, lilikuwa linajaa matope kwa kasi ya kutisha. Kwa mtafiti, bwawa ni daftari: kila msimu huacha tabaka lake, na anayepima tabaka anajua milima imepoteza nini. Hapo hapo chuoni, mwaka 1967, ilianzishwa ofisi ya utafiti wa matumizi ya ardhi ambayo mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Huko ndiko Kikula alikofanya kazi yake ya utafiti na ualimu.

Kituo chake kikubwa kilikuwa Kondoa. Anayefika Haubi, wilayani Kondoa, na kusimama chini ya ukingo wa korongo ataona historia imepangwa ukutani: juu udongo mwekundu wa kichanga ulioporomoka kutoka milimani, chini yake tabaka jeusi zaidi ambalo zamani lilikuwa uso wa ardhi, na mizizi ya miti ikining'inia hewani. Upimaji wa umri wa mashapo hayo umeonyesha kwamba ardhi ya huko ilianza kuporomoka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kisha mmomonyoko ukapamba moto karibu miaka 900 iliyopita, kilimo kilipoenea. Kwa hiyo dai lililorudiwa tangu ukoloni, kwamba Warangi, wenyeji wa Kondoa, waliiharibu ardhi yao katika kizazi kimoja au viwili kwa uzembe, halina msingi.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kulazimisha matuta na kupunguza mifugo, na watu wakakumbuka shuruti kuliko faida. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa kwa trekta, miti ikapandwa, lakini ng'ombe waliendelea kuzunguka na nyasi hazikupata nafasi. Mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walihamishwa. Familia zikabaki bila maziwa na bila samadi, nyingine zikiwa zimewakabidhi ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka.

Ardhi ikaitika. Ndani ya miaka michache nyasi zilifunika miteremko, vichaka vikarudi, mchanga wa makorongo ukatulia na watu wakaanza kulima juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa, kwa sharti la kukatiwa majani bandani. Kabla ya hapo, mwaka 1986, mtafiti Wilhelm Östberg alikuwa ameandika habari ya ardhi hiyo kubadilika. Mwaka 1991 Kikula, Carl Christiansson na Östberg walieleza mpango wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Stockholm wa kuchunguza uhusiano wa watu na ardhi katika maeneo makame, na baadaye Kikula na Claude Mung'ong'o wakatoa mapitio ya historia ya mmomonyoko wa Kondoa na juhudi za kuiokoa ardhi. Mung'ong'o mwenyewe alipata uzamivu Stockholm mwaka 1995 kwa tasnifu juu ya jamii na ikolojia ya milima hiyo hiyo.

Ubora wa kazi hizo ni kwamba hazikuishia kwenye nyasi. Ziliuliza pia nani alilipa gharama ya nyasi kurudi, na nini kitatokea fedha za wafadhili zikiisha. Zilikwisha mwaka 1996, na taratibu mifugo ikaanza kurejea. Aliyekuwa amehesabu miti tu alishtuka. Aliyekuwa amewasikiliza wenye ng'ombe alilitarajia hilo.

Mwaka 1997 Kikula alichapisha kitabu juu ya athari za sera ya kuwahamishia watu vijijini kwa mazingira. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupitia operesheni hiyo ya kuhamisha watu, mwaka 1971, na kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 nchini walikuwa vijijini. Ukiwakusanya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika na kuhamisha mifugo kufuata malisho, mashamba ya karibu hulimwa kila mwaka bila kupumzishwa, kuni hukatwa hadi pembezoni, na njia ya ng'ombe kwenda kisimani huwa korongo. Kuandika hivyo juu ya sera iliyopendwa na taifa kulihitaji ujasiri wa kitaaluma. Kwa maoni ya mada hii, huo ndio mchango wake mkubwa: udongo unaharibiwa na jembe, lakini pia unaharibiwa na waraka uliosainiwa ofisini na mtu ambaye hajakanyaga shamba.

Mwaka 2007 Kikula alikabidhiwa chuo kipya Dodoma, chenye eneo la hekta zipatazo 6,000 na lengo la kufikia wanafunzi 40,000. Alikiongoza kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha mwaka 2018 akateuliwa mwenyekiti wa Tume ya Madini. Kwa sayansi ya udongo, kuanzishwa kwa chuo hicho kulikuwa na uzito wa pekee. Staples, Rapp na Christiansson walikuja nyanda za kati kutoka mbali, na kila mmoja aliondoka. Chuo hakiondoki. Udongo wa hapa unahitaji mtu wa kuupima kiangazi na masika, mwaka wa neema na mwaka wa njaa, kwa muda mrefu kuliko mkataba wowote wa mradi. Hata sasa, wakati mpango wa Kisiki Hai ukiwahimiza wakulima wa mkoa huu kuchipusha upya miti iliyokatwa na kuchimba makinga maji, tarakimu za kuonyesha udongo umebadilika kiasi gani zitatoka kwa watu wanaoishi hapa.

Ombi kwa wanasemina ni hili: vipande vya upimaji kama vile vya Mpwapwa viwekwe na vitunzwe katika Dodoma, Kongwa na Kondoa, na kila mwanafunzi wa baiolojia, jiografia na mazingira apelekwe Haubi kabla ya kuhitimu, akae na wazee waliohamisha ng'ombe mwaka 1979, na aandike wanayomweleza. Wazee hao wanapungua kila mwaka.