Aliye juu amwambie aliye chini



Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikameguka.

Sisi wa Arusha tuliwapa pole jirani zetu wa Manyara, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Lakini Meru nao, kama Hanang, ni mlima wa volkano. Upande wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momella tunayowapeleka watalii kuyatazama yamekaa juu ya vifusi vya poromoko hilo.

Sisemi kwamba mlima utaanguka kesho. Nasema kwamba mteremko ule sasa umejaa watu. Baba mwenye ekari mbili amewagawia wana wanne, na wa mwisho amejenga kwenye ukingo wa korongo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inamtaka akae mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri, ila haimpi kiwanja kingine. Tutamwambia ahamie wapi?

Wakati jibu likitafutwa, lipo jambo lisilohitaji fedha. Mto Themi na mto Naura huanzia huko juu na kupita katikati ya mji wetu. Mama achotaye maji mlimani ndiye wa kwanza kuona maji yamegeuka tope ghafla, au mto umepungua huku mvua ikinyesha, dalili kwamba umezibwa juu. Ndiye aonaye ufa mpya shambani na miti iliyoanza kuinama. Simu anayo. Je, ampigie nani?

Basi kila mwenyekiti wa kitongoji mlimani awe na namba ya mwenyekiti wa mtaa aliye chini yake, naye wa chini ajue ni kengele ya kanisa gani na kipaza sauti cha msikiti gani kitakachowaamsha watu usiku. Mambo hayo yapangwe kiangazi. Masika yakishaingia, tope halingoji kikao.