Tunapenda Kivu, tunaota bahari

Mazungumzo na vijana wa Bukavu

 

Kuko neno moja tunalisikia kila mara vijana wakikaa pamoja: "Siku moja nitaenda kuishi kando ya bahari." Mumoja anasema Mombasa, mwingine Dar es Salaam, mwingine Moanda. Mu simu zetu picha za muchanga na minazi haziishi. Lakini ukimuuliza yule anayesema vile kama anachukia Bukavu, anakasirika: Bukavu ni kwetu! Basi tunapenda kwetu na tunaota kwingine, vyote viwili mu roho moja. Hatukuja kumucheka mutu juu ya ndoto yake. Sisi wenyewe, wenye diploma mu sanduku na bila kazi, tuko nayo. Tunataka tu kuuliza: ile ndoto inatuambia nini?

Kwanza tuseme tunachopenda. Tunapenda huu muji unaoingia mu ziwa kama mukono wenye vidole vitano. Tunapenda baridi ya asubuhi, juu tunaishi karibu metre 1,500 juu ya bahari. Tunapenda wavuvi wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanaimba, na usiku taa zao zinaonekana kama muji mwingine juu ya maji. Tunapenda sambaza na bugali. Na muwaze kidogo: hata sambaza hakuzaliwa hapa. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo nani anaweza kumuita mugeni?

Kuko jambo lingine tulilifundishwa ku masomo na tukalisahau. Maji ya Kivu yanatokea hapa hapa Bukavu, mu Ruzizi, yanashuka mpaka Tanganyika. Kutoka Tanganyika yanapita mu Lukuga, pale Kalemie, yanaingia mu Lualaba, yanakuwa muto Congo. Yanapita Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, Matadi, na yanamwangika mu bahari ya Atlantiki pale Banana, karibu na Moanda. Kumbe maji tunayoosha nayo uso yanafika baharini bila kuomba karatasi kwa mutu.

Na sisi? Kutoka Bukavu mpaka Moanda, barabara ya kupita na gari inchi yote haiko. Ilikuwa ni ndege mpaka Kinshasa, na bei ya tiketi, mutu asiye na kazi hakuiuliza hata. Ndiyo maana kijana wa hapa anaijua Mombasa kuliko Moanda: magari na vitu vingi vya soko vinatokea upande ule, na barabara inafika. Bahari ya inchi yetu wenyewe iko mbali nasi kuliko bahari ya majirani.

Na tusidanganyane juu ya Moanda. Inchi hii kubwa iko na pwani ya kilometre karibu 40 tu. Pale wanachimba petroli tangu miaka ya 1970. Lakini wakaaji wa Moanda wamelalamika miaka mingi juu ya kazi na juu ya uchafu mu maji na mu mashamba. Kama bahari peke yake ingeleta maisha, vijana wa kule hawangelalamika.

Sasa, tuliulizana sisi kwa sisi: ukifunga macho na kuona ile bahari, unaona nini? Majibu yalikuwa hivi. Pahali pa kutembea jioni na muchumba bila kulipa. Umeme usiokatika. Kazi. Watoto wanaooga mu maji safi. Usiku bila masasi. Wandugu, mu ile orodha hakuna hata kitu kimoja kinachoomba chumvi. Vyote vingeweza kuwa hapa.

Tuanze na kile kilicho karibu, maana vita iliyotutesa tangu 1996 hatutaimaliza mu mazungumzo ya leo. Tuko mu muji wenye maji karibu kila upande, lakini mutoto wa Kadutu anaweza kukomaa bila kuingiza miguu mu ziwa. Kando ya maji kuko kuta na milango ya chuma. Ukitaka kukaa na kuangalia ziwa, ununue kwanza kinywaji. Na mvua ikinyesha, machupa ya plastiki yanateremuka kutoka mitaa yetu mpaka Ruzizi, yanaziba mashini za barrage, umeme unakatika, na tunabaki mu giza tunaota Mombasa.

Katiba, mu kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi mahali penye mazingira mazuri, na ana lazima ya kuyatetea. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na ni lazima takatifu kwa kila Mukongomani. Basi tunaomba mambo matatu. Viongozi waonyeshe wazi, mbele ya raia, ni kipande gani cha kando ya ziwa ambacho kingali cha watu wote, na kisiuzwe. Mu Ibanda na mu Bagira kuwe pahali pa kufika ku maji bila kulipa. Na kukusanya takataka iwe kazi yenye mushahara, wapewe vijana wa mitaa.

Na sisi tuna lazima yetu. Salongo ya siku ya posho isikuwe ya kupiga picha tu. Chupa uliyoinywea mwenyewe, usingoje mvua ikuondolee.

Mwenye kutaka kwenda baharini, aende. Hatutamuita musaliti, na akifika atutumie picha. Tunataka tu aende kwa kuchagua, isiwe kufukuzwa na njaa ao na masasi. Na siku atarudi, akute pahali pa kukaa kando ya ziwa.

Siku ya posho inayokuja, kila mutu akuje na mufuko na mupanzi.