Hesabu za Shule Zianzie Shuleni



Katika mitaa ya Kariakoo hakuna mtu asiyejua kuhesabu. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Congo huyahesabu majora yake asubuhi anapofungua duka, na huyahesabu tena jioni kabla ya kulifunga. Mchukuzi hupokea mzigo kwa idadi na kuukabidhi kwa idadi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, mfanyabiashara huyo huyo, aliye pia mzazi wa mtoto wa shule ya msingi iliyo hatua chache kutoka dukani kwake, ni nadra kumsikia akiuliza shule hiyo imepokea shilingi ngapi mwezi huu, na zimetumikaje. Hilo ndilo suala la mazungumzo haya.

Yafaa kwanza fedha zenyewe zieleweke. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali ilifuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Tangu Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ikawa inapelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 zikapelekwa shuleni kwa vifaa, mitihani, ukarabati, michezo na utawala.

Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 1,000 hustahili shilingi 500,000 kwa mwezi. Fungu hilo ni dogo, na udogo wake ndio unaolifanya lihitaji ulinzi. Mtu akichota humo shilingi 50,000, amechukua sehemu ya kumi ya chaki, ya karatasi za mitihani na ya bawaba za milango. Zaidi ya hayo, fungu lenyewe hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi. Uhakiki wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika shule za nchi hii walikuwapo wanafunzi hewa zaidi ya 60,000, yaani majina yaliyoandikwa lakini wenyewe hawapo. Kwa hiyo mwalimu wa darasa anapojaza daftari la mahudhurio, hapana budi atambue kwamba anaandika hati ya fedha za umma.

Wako watakaosema kwamba kazi ya kulinda fedha hizo ni ya wakaguzi. Ni kweli, lakini hebu itazamwe kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Halmashauri hukabidhi hesabu zake kwa ukaguzi mwishoni mwa Septemba. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi taarifa yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha taarifa hufikishwa Bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wahusika. Maana yake ni kwamba fedha iliyopotea Agosti 2023 ilikuja kusomwa hadharani Aprili 2025. Mtoto aliyekuwa darasa la sita fedha ilipopotea, siku ya kusomwa taarifa alikuwa amekwisha kuiaga shule ya msingi. Taarifa hiyo ni ya lazima, na humwajibisha mkosaji. Lakini haiwezi kumrudishia mtoto yule mwaka wake.

Wala mamlaka ya juu si ya kudumu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikawekwa Tume. Mwaka 2000 zikaundwa Manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Katika mabadiliko yote hayo, shule za Kariakoo zilibaki pale pale, na kamati za shule, zinazotajwa katika Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, zilibaki na wajibu ule ule.

Jirani zetu wa Uganda wanalo somo. Uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi 250 ulibaini kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa na Serikali Kuu. Nyingine iliishia njiani, mikononi mwa maofisa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wataalamu wamebishana kuhusu kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na matangazo, kwa kuwa yalikuwapo na marekebisho mengine. Hakuna aliyedai kwamba siri ingefanya vizuri zaidi.

Basi la kufanywa ni dhahiri. Kila mwisho wa mwezi, ubao wa matangazo ulio karibu na lango la shule uonyeshe mambo matatu: kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki. Kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, mahali ambapo mzazi atasoma bila kuomba ruhusa. Mjumbe wa kamati aone taarifa ya benki na stakabadhi kwa macho yake, na asitie sahihi muhtasari wa kikao ambacho hakuhudhuria. Ikiwa shule ya mjini ina uwanja au ukuta inaoukodisha, kodi hiyo nayo iandikwe, kwani haionekani katika ruzuku.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la kumwinda mwalimu mkuu. Yeye alisomea ualimu, si uhasibu, na mara nyingi ndiye anayelaumiwa kwa fedha ambayo haikufika. Ruzuku ikichelewa, naye akawaomba wazazi karatasi za mtihani, mtaa mzima husema ameila. Ubao ukionyesha kwamba mwezi huo kilichopokelewa ni sifuri, swali litaondoka mlangoni kwake na kwenda kwa ofisa aliyepaswa kuituma. Mtumishi wa halmashauri ambaye ametimiza kazi yake hana sababu ya kuliogopa swali hilo.

Kubandika karatasi hiyo hakuhitaji sheria mpya wala bajeti mpya. Kunahitaji karatasi moja, kalamu moja, na mwalimu mkuu ambaye kamati yake itasimama naye siku atakapoulizwa kwa nini ameibandika.