Udalali wa mtandaoni: mambo ya kujua kabla ya kuanza

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya ujasiriamali kwa vijana)



Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wenu mmekuwa mkiniulizia ofisini, yaani kuuza bidhaa za watu wengine kwa njia ya intaneti na kulipwa kamisheni. Baadhi yenu mlikuja mkiwa na furaha, wengine mlikuja mkiwa mmeshaumia. Nitasema ninayoyajua, na nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe.

Kazi hii si ngeni kwetu. Ukienda Kariakoo utakutana na winga. Hana duka wala mzigo. Anakusikiliza unataka nini, anakupeleka kwa mwenye mali, na ukinunua anapata chake. Dalali wa ng'ombe mnadani ni hivyo hivyo. Kwenye intaneti, badala ya kumsindikiza mteja kwa miguu, unampa kiungo, yaani anwani ya bidhaa iliyotiwa namba yako. Akibonyeza, tovuti ya muuzaji inaweka alama kwenye simu au kompyuta yake ili akinunua ijulikane ametoka kwako. Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996, na ndio ambao wengi hujifunzia. Kwa kawaida alama yao hudumu saa 24. Mteja akibonyeza leo, akatafakari, akarudi mwenyewe keshokutwa kununua, wewe huna chako.

Tupige hesabu kidogo. Kwa Amazon, kitabu cha dola 20 hulipa asilimia 4.5, yaani senti 90. Tuseme watu 100 wamebonyeza kiungo chako na wawili wamenunua. Hiyo ni dola 1 na senti 80, na bando umeshalinunua. Malipo huja kama siku 60 baada ya mwezi kwisha, na anayelipwa kwa cheki husubiri mpaka afikishe dola 100. Usipoleta angalau mauzo 3 katika siku 180 za mwanzo, akaunti inafungwa. Na ujanja wa kununua mwenyewe kupitia kiungo chako haukubaliki, msijaribu.

Aidha, viwango hivyo havipangwi na wewe. Mwezi Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Watu waliokuwa wamejenga kipato chao chote hapo waliamka asubuhi wakakuta kimepungua zaidi ya nusu. Wazazi waliolima kahawa hawahitaji maelezo zaidi juu ya bei inayopangwa mbali na shamba. Kwa hiyo kijana mwenye kibanda, bustani au ufundi wowote asiuache. Hii iwe kazi ya jioni kwanza.

Sasa, uuze nini? Wengi wanaoanza hukimbilia simu na saa kwa sababu wameona wengine wanafanya hivyo. Huko utashindana na watu wenye kamera, studio na miaka kumi ya uzoefu. Mimi ninauliza, wewe unajua nini ambacho mgeni hakijui? Hapa tupo chini ya mlima. Wako kati yenu waliobeba mizigo ya wageni, na wachache ni waongozaji wenye leseni. Mgeni aliye Ujerumani au Marekani anayejiandaa kupanda Kilimanjaro anahangaika kujua anunue viatu gani, taa gani ya kichwani, mfuko gani wa kulalia. Wewe umeona kwa macho yako. Unajua kwamba safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane, kwamba baridi hunyonya nguvu za betri na mwenye akili hulala nazo ndani ya mfuko, kwamba mrija wa maji huganda kabla ya kufika mita 5,895, na kwamba aliyekuja na viatu vipya huomboleza wakati wa kushuka, vidole vinapogonga mbele. Unajua pia kwamba tangu Juni 2019 mgeni haruhusiwi kuingia nchini na mifuko ya plastiki. Hayo yaandike vizuri kwa Kiingereza, au kwa Kijerumani kwa wale waliojifunza, kisha weka kiungo cha taa ambayo umeiona ikiwaka mpaka alfajiri. Andika pia ni taa ipi uliiona ikizimika. Msomaji akikuta umeikataa bidhaa moja ndipo atakuamini kwa ile nyingine.

Najua ni kazi ya polepole. Ukurasa mmoja unaweza kukaa miezi bila kuleta kitu. Mwenye haraka ndiye anayenaswa na jambo ninalotaka kulieleza sasa.

Mwaka jana binti mmoja wa kituo chetu alikuja akilia. Alikuwa amelipa shilingi 150,000 ili "afunguliwe akaunti ya biashara ya mtandaoni". Bidhaa hakuiona. Aliambiwa alete watu watatu, naye akawaleta shangazi zake wawili na jirani. Baada ya wiki sita namba za wale wakubwa zikawa hazipatikani, lakini namba ya binti ilipatikana, na shangazi wakaipiga. Huo haukuwa udalali, ndugu zangu, ulikuwa upatu uliovishwa nguo mpya. Sisi watu wa makanisa tulipaswa kuujua, maana wengi wetu tunakumbuka DECI, mchezo wa "kupanda mbegu" uliozimwa na Serikali mwaka 2009. Ulienea sana makanisani, na waumini wengi walipoteza akiba zao. Namna ya kutofautisha ni kuuliza fedha inatoka wapi. Kwenye udalali wa kweli inatoka kwa mtu aliyenunua kitu na akakitumia, na kujiunga ni bure. Kama inatoka kwenye kiingilio cha mtu uliyemleta wewe, ondoka, hata kama aliyekuletea habari hiyo mnaimba naye kwaya.

Nimeahidi kueleza kosa langu. Mwaka 2017 wakala mmoja wa taa za sola alinijia. Akaniomba nizitaje ninapotembelea vikundi vya akina mama vya VICOBA, naye angenipa shilingi 3,000 kwa kila taa. Nilikuwa nimeiwasha moja nyumbani kwa usiku mmoja tu. Nilizisifu, zikauzwa taa 41. Masika yalipoanza, nyingi zilikuwa zimekufa, na wakala hakupokea simu. Kwenye mkutano mama mmoja mtu mzima akasimama, akasema kwa upole, "Samahani Mratibu, na wewe ulipata ngapi?" Sikuwa nimewaambia kwamba nalipwa. Nilirudisha shilingi 123,000 kwenye mfuko wa kikundi, lakini kwa muda mrefu baadaye kila nilipotaja mbegu au mbolea, mtu wa nyuma aliuliza, "Na hii je, unapata ngapi?" Walicheka, lakini mbegu bora hawakuchukua msimu ule. Walipata hasara mara mbili kwa sababu yangu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba useme unalipwa, na useme mapema, kabla ya kiungo, kwa maneno ambayo hata bibi yako ataelewa: "Ukinunua kupitia hapa, mimi napata kamisheni." Nchini Marekani miongozo ya mamlaka ya biashara inataka hivyo, na Amazon wenyewe wanawataka washirika wao watamke. Wengine huogopa kwamba wateja watakimbia. Mimi nilikimbiwa kwa kutosema.

Kwa upande wa taratibu, kabla hujajiunga popote soma malipo yatakufikiaje ukiwa Tanzania, maana mipango mingine hulipa kwa njia ambazo benki yako haizipokei. Jina la akaunti lilingane na kitambulisho chako. Weka daftari la mapato, na kipato kikianza kuonekana nenda TRA ukaulize badala ya kusubiri waje. Neno la siri usimpe mtu, hata anayekufundisha.

Baada ya chai tutaingia chumba cha kompyuta. Sitaki tuanze na kujisajili. Kila mmoja achague kitu kimoja alichokitumia mwenyewe kwa muda usiopungua miezi mitatu, jembe, kiatu, sufuria, chochote, aandike nusu ukurasa juu ya uzuri wake na ubaya wake. Nitavisoma vyote jioni, na asiyekuwa na ubaya wa kuandika nitamrudishia karatasi yake.