Nguvukazi Nyingi na Ujira wa Kibarua
(Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa kata)



Mwekezaji anapokaribishwa katika nchi zinazoendelea, mojawapo ya sifa anazotajiwa ni kwamba vijana wapo wengi na ujira wao ni mdogo. Sifa hiyo ina ukweli, lakini ina uchungu pia, kwa kuwa huyo anayesifiwa kwa ujira mdogo ni mtoto wa nyumba fulani katika kijiji fulani, na pengine mzazi wake amekaa katika mkutano huu. Mada ya leo inahusu swali moja tu: katika nchi yenye watu wengi na mitaji michache, ni nini hasa kinachopanga ujira wa kibarua?

Jibu mashuhuri la swali hilo lilitolewa mwaka 1954 na Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St Lucia katika bahari ya Karibi, aliyekuwa akifundisha uchumi Manchester, Uingereza. Alieleza kwamba katika nchi za namna hiyo shamba la familia aghalabu lina mikono mingi kuliko linavyohitaji. Chakula kinachopatikana hugawanywa, na kila mmoja hula fungu lake. Kiwanda kikifunguliwa mjini, mwenye kiwanda halazimiki kumlipa mfanyakazi kwa kadiri ya kile anachozalisha. Inatosha amlipe kuzidi kidogo kile ambacho kijana huyo angekipata kwao shambani, na foleni langoni haitaisha. Faida ikirudishwa katika uzalishaji, kiwanda hupanuka na kuajiri wengine, hadi ile ziada ya watu mashambani imalizike. Ndipo ujira huanza kupanda. Kwa Lewis, kiini cha maendeleo kilikuwa nchi kutoka katika kuweka akiba ya asilimia 4 au 5 ya pato lake na kufikia asilimia 12 au 15.

Wengi waliosoma habari hiyo waliishia kwenye kiwanda. Waliona kwamba ujira mdogo ni chambo, wakakitangaza chambo hicho kwa wenye mitaji. Lakini katika maelezo yale yale limo jambo zito zaidi. Ikiwa ujira wa kiwandani hupimwa kwa kile kinachopatikana shambani, basi anayepanga ujira wa kibarua ni shamba la mahindi, wala si mwajiri peke yake. Lewis alitoa mfano wa miwa. Uzalishaji wa sukari katika nchi za joto ulikuwa umeongezeka sana, ilhali mkata miwa aliendelea kutembea pekupeku na kulala kibandani. Maarifa yote yaliyoingizwa katika miwa yaliwanufaisha wenye mashamba na walaji wa sukari huko ng'ambo, kwa sababu shamba la chakula alikotoka mkata miwa lilibaki kama lilivyokuwa.

Tanganyika ilikuwa na mfano wake, na wazee wa kata hii hawahitaji kusimuliwa. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 nchi hii iliongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wakataji walioitwa manamba walitolewa Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kwa nini waajiri waende mbali kiasi hicho? Kwa sababu aliyekuwa na shamba zuri la chakula na soko karibu yake hakuona haja ya kukata mkonge kwa ujira ule. Aliyekubali ni yule ambaye kwao hapakuwa na njia nyingine ya kupata fedha, hata ya kulipia kodi ya kichwa. Utajiri ulipita Tanga kwa miaka mingi, na manamba wengi walizeeka bila kuwa na lolote.

Serikali ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ilipomwomba Lewis ushauri kuhusu viwanda, taarifa yake ya mwaka 1953 iliwashangaza waliotarajia orodha ya viwanda. Aliwaambia waanze na kuongeza chakula anachozalisha kila mkulima. Ghana haikuufuata ushauri huo kwa ukamilifu. Fedha nyingi zilielekea kwenye miradi mikubwa. Taiwan ilipita njia nyingine. Mwaka 1949 kodi ya ardhi waliyolipa wakulima wapangaji iliwekewa kikomo cha asilimia 37.5 ya zao kuu, na mwaka 1953 ardhi ya wamiliki wakubwa iligawiwa kwa waliokuwa wakiilima. Mavuno yaliongezeka, viwanda vidogo vikaenea hadi vijijini, na baada ya muda usiozidi miaka ishirini wenye viwanda walianza kugombania wafanyakazi. Kijana mwenye chakula cha kutosha kwao hakubali ujira wowote atakaotajiwa.

Hata hivyo Lewis alipata mpinzani wa kweli, Theodore Schultz wa Marekani. Huyu alikataa kwamba shambani kuna watu ambao wakiondoka hakitapungua kitu. Alitoa ushahidi wa India, ambako homa ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 iliua mamilioni ya watu, na eneo lililolimwa likapungua. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa pamoja, jambo ambalo huenda liliwachekesha wenyewe. Mkulima yeyote wa jembe la mkono anaweza kuwapatanisha. Wakati wa palizi hakuna mtu wa ziada. Hata mwanafunzi anayerudi kutoka shuleni hupewa mstari wake. Baada ya mavuno, vijana hao hao hukaa kijiweni wakisubiri lori la kupakia mchanga. Nguvukazi ni nyingi kwa miezi kadhaa na haba kwa miezi mingine, na kazi za umma zisizozingatia hilo huwaumiza wale zilizokusudiwa kuwasaidia. Kibarua cha barabara kinachoangukia palizi humpa baba fedha leo na kuinyima familia yake magunia msimu ujao.

Kenya ilijifunza hayo mapema. Mpango wake wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974 ulijenga maelfu ya kilomita kwa majembe, sururu na mikokoteni, ukiajiri wakazi wa kando ya barabara yenyewe. Baada ya ujenzi, mkazi alikabidhiwa kipande chake jirani na nyumbani, akifyeka nyasi na kuzibua mitaro kwa siku chache za wiki na siku zilizobaki akalima. Tingatinga ni la lazima penye mwamba na madaraja makubwa, hilo halina ubishi. Kwa mitaro na vifusi vya barabara ya kijiji, fedha inayolipa dizeli huondoka wilayani siku hiyo hiyo, ilhali fedha inayolipa mikono hulala kijijini.

Jambo moja katika maandishi ya Lewis husahauliwa kuliko yote, nalo linawahusu wanawake. Alitaja kusaga nafaka, kuteka maji mtoni, kulea na kuuguza kuwa kazi zinazoifungia nguvukazi nyumbani. Bomba likifika kijijini, saa mbili za kila siku hurudi mikononi mwa mama. Mashine ya kusaga hurudisha saa nyingine. Kwa hesabu hiyo mradi wa maji ni mradi wa uchumi, na si haki kuuweka katika fungu la ustawi wa jamii peke yake. Lakini saa hizo zinahitaji mtaji wa kufanyia kazi. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo unaonunua bidhaa za kuchuuzwa na vikundi kumi katika gulio moja hugawanya tu wateja wale wale. Mkopo unaonunua pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi huongeza kinachogawanywa.

Kwa hiyo wakazi wanapopanga vipaumbele, afisa ugani, mbegu bora, mfereji wa umwagiliaji na ghala lisilovuja vinastahili kujadiliwa kama masuala ya ujira wa vijana, hata wa wale ambao hawana nia ya kushika jembe. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mapendekezo yake hupitia kamati ya maendeleo ya kata kabla ya kufika Halmashauri. Pendekezo la barabara linapoandikwa, liandikwe pamoja na mwezi ambao kazi ifanyike.