Kabla ya Kumwaga Majivu Kiwanjani



Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani, hunywa maji wakati wa masika ukavimba; kiangazi husinyaa ukapasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila maandalizi huinuliwa na kushushwa mwaka hata mwaka, mpaka kuta zikaingia nyufa. Mwenye kiwanja cha namna hiyo akiambiwa kuwa malori machache ya majivu ya makaa ya mawe yatamaliza tatizo kwa bei nafuu, tunamsihi asikilize kwanza.

Majivu hayo yana manufaa ya kweli. Yale laini yanayonaswa kabla moshi haujatoka dohani yana madini mengi ya silika. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa; chokaa hiyo huungana na silika, ikafunga chembe za udongo na kupunguza kuvimba kwake. Lakini majivu mengi hayagandi yenyewe pasipo saruji au chokaa. Anayekuuzia majivu matupu badala ya saruji amekuuzia nusu ya dawa.

Wala hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila kiwanja. Maabara ya udongo hujaribu viwango kadhaa vya saruji na majivu, kisha huchagua. Kwa uchunguzi wa awali, tengeneza kisanduku chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliolowa, ukiache kivulini siku 7, kisha upime pengo lililobaki. Pengo likiwa kubwa, udongo huo ni msumbufu. Hata hivyo, kisanduku hakitoshi kuamulia msingi wa nyumba.

Msimamie fundi. Udongo upondwe na kuchanganywa vizuri, ushindiliwe ndani ya saa 2 baada ya kutiwa saruji na maji, kisha utunzwe na unyevu kwa siku zisizopungua 7.

Majivu yaweza pia kubeba madini yenye sumu, kama aseniki. Yasirundikwe karibu na kisima, na anayeyachanganya afunike pua na mdomo.

Kabla ya kulipa, dai majibu ya maabara ya udongo wako, na stakabadhi inayotaja majivu yametoka wapi. Muuzaji akikataa kuviandika hivyo viwili, tunakushauri usinunue.