Rafiki wa Kaisari

  Somo letu la leo limo katika Injili ya Yohana, tangu sura ya 18 mstari wa 28 hadi sura ya 19 mstari wa 16. Mwenye Biblia karibu naye na aifungue. Asiye nayo na asikilize.

Habari hii mnaijua. Bwana Yesu amesimama mbele ya Pilato, liwali wa Kirumi. Pilato amemhoji, na mara tatu amewaambia watu kwamba haoni hatia kwake. Anatafuta njia ya kumfungua. Lakini katika sura ya 19 mstari wa 12, washitaki wanamtupia neno moja: akimwachilia mtu huyu, yeye si rafiki wa Kaisari. Kesi ikaishia hapo. Pilato akaketi katika kiti cha hukumu, akamtoa Bwana ili asulibiwe.

Kwa nini neno fupi namna hiyo lilimshinda mtu mwenye askari na mamlaka? Ili tufahamu, twende Roma kwenyewe, tuangalie yaliyowapata waandishi wa Kirumi walioishi chini ya makaisari.

Kaisari wa siku zile alikuwa Tiberio, yule anayetajwa katika Luka 3:1. Alitawala tangu mwaka 14 hadi mwaka 37. Warumi walikuwa na sheria ya zamani ya kuwaadhibu watu walioisaliti nchi, kama vile jemadari aliyeliponza jeshi lake. Sheria hiyo ilihusu matendo. Lakini chini ya makaisari iligeuzwa, ikaanza kukamata maneno. Mtu aliweza kushitakiwa kwa alilolisema mezani, au kwa alilolitia katika kitabu. Tena hapakuwa na mshitaki wa serikali. Raia alimshitaki raia mwenzake, na mshitaki akishinda alipewa fungu la mali ya aliyehukumiwa, hata robo yake. Basi wakatokea watu ambao uchongezi ulikuwa ndiyo kazi yao, na utajiri wao ulitoka humo. Kuitwa adui wa Kaisari lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka 25, miaka michache tu kabla Bwana Yesu hajaanza kuhubiri Galilaya, mwandishi mmoja jina lake Cremutius Cordus aliletwa mbele ya Seneti, yaani baraza kuu la Roma. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa ameandika historia, na humo alimsifu Brutus na kumwita Cassius Mrumi wa mwisho. Watu hao wawili walimwua Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, na walikufa miaka miwili baadaye katika vita vya Filipi, mji ule ule ambao Paulo aliuhubiri. Walikuwa wamekufa zaidi ya miaka sitini. Cordus akajitetea kwamba anashitakiwa kwa maneno, maana matendo yake hayana lawama. Akakumbusha kwamba Kaisari Augusto mwenyewe aliwavumilia waandishi waliowasifu maadui zake. Lakini aliona uso wa Tiberio umekunjamana. Akarudi nyumbani, akakataa chakula mpaka akafa. Baraza likaamuru vitabu vyake vichomwe moto.

Hapa tunakumbuka Yeremia sura ya 36. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo la nabii kwa kisu, kipande kwa kipande, akalitupa motoni. Baruku akachukua gombo jingine akaandika upya. Kule Roma nako, Cordus alikuwa na binti jina lake Marcia. Baba yake alipokufa na vitabu kuchomwa, Marcia alivihifadhi vingine. Alipokuja mtawala mwingine baada ya Tiberio, vikasomwa tena. Moto wa mfalme una mwisho wake.

Lakini si waandishi wote waliokuwa kama Cordus. Mnamkumbuka Galio, liwali wa Akaya, ambaye Paulo aliletwa mbele yake katika Matendo 18? Galio alikuwa na ndugu yake jina lake Seneca, mwenye akili nyingi na kalamu nzuri kuliko wengi. Seneca alimfundisha Nero tangu utoto, akamwandikia kitabu cha kumsihi awe mtawala mwenye huruma. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini mwaka 59 Nero alimwua mama yake mzazi, na barua ikapelekwa kwa baraza kueleza kwamba mama huyo alistahili kufa. Watu walisema kwamba aliyeitunga barua ile ni Seneca. Na mwaka 65 Nero akamwamuru Seneca ajiue. Aliyeazimisha kalamu yake kuufunika uovu hakupata usalama aliokuwa akiununua.

Yuko mwingine, Tacitus, ambaye ndiye aliyetuandikia mengi ya habari hizi. Yeye alipanda vyeo chini ya Kaisari Domitianus, aliyetawala kwa miaka 15, tangu mwaka 81 hadi mwaka 96. Katika mwaka 93 watu wawili waliuawa kwa sababu waliandika kwa heshima habari za waungwana waliokufa, na vitabu vyao vikachomwa hadharani. Tacitus alinyamaza. Akaendelea na cheo chake. Lakini mwaka 98, Domitianus akiwa kaburini, aliandika kitabu kidogo juu ya mkwewe Agricola, na humo hakujificha. Anasema kwamba mikono yao wenyewe, wao watu wa baraza, ndiyo iliyompeleka mwenzao gerezani. Anasema walitoa mfano mkubwa wa uvumilivu, na kwamba wangepoteza hata kumbukumbu pamoja na sauti kama kusahau kungekuwa rahisi kama kunyamaza. Ndugu, huyu si Mkristo, bali dhamiri yake ilijua kwamba anyamazaye mbele ya dhuluma amekwisha kushika upande.

Baadaye Tacitus aliandika kitabu kikubwa cha historia ya makaisari. Katika kitabu hicho hicho chenye habari za Cordus, ameandika kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Tiberio. Hakutupenda, imani yetu aliiita ushirikina wa kuangamiza. Hata hivyo amekiri kwamba Nero alipowatesa Wakristo baada ya Roma kuungua mwaka 64, watu waliwahurumia, kwa kuwa waliuawa ili kuuridhisha ukatili wa mtu mmoja.

Labda mtu atasema, hayo ni ya wafalme wabaya. Mtawala akiwa mwema hakuna shida. Basi tumwangalie Plinius, rafiki wa Tacitus. Yeye alimtumikia Kaisari Trajanus, aliyewaadhibu wachongezi na kusifiwa na wengi. Mwaka 100 Plinius alisimama katika baraza akatoa hotuba ndefu ya kumsifu, akafurahi kwamba sasa watu wako huru. Miaka kama kumi na miwili baadaye akatumwa kuwa liwali wa Bithinia na Ponto, nchi zile ambazo mtume Petro anazitaja mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza. Huko akaletewa Wakristo. Aliwauliza mara tatu kama ni Wakristo. Waliokazana kukiri akaamuru wauawe. Waliokana iliwapasa kufukiza uvumba mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa ili apate siri, naye hakupata uhalifu wo wote. Alichopata ni kwamba walikutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo, na kuapa kutoiba, kutozini, na kutovunja ahadi. Haya yote ameyaandika mwenyewe katika barua kwa Kaisari. Mtu mpole, msomi, lakini alipoagizwa kupima urafiki wa Kaisari, upole wake haukuwaokoa wale akina mama wawili.

Wapenzi, Neno la Mungu halitufundishi kuwadharau wenye mamlaka. Petro aliwaagiza wale wale wa Bithinia wamche Mungu na kumheshimu mfalme. Paulo anatuagiza katika 1 Timotheo 2 tuwaombee wote walio na mamlaka. Bwana mwenyewe aliruhusu dinari yenye sura ya Kaisari irudishwe kwa Kaisari. Kodi tutoe, heshima tutoe, maombi tutoe. Lakini ulimi wetu haukupigwa chapa ya Kaisari. Sisi tumeumbwa kwa mfano wa Mungu, na kweli ni mali yake. Bwana Yesu alimwambia Pilato kwamba alikuja ulimwenguni kuishuhudia kweli. Pilato akauliza hiyo kweli ni kitu gani, akatoka nje asingoje jibu. Hakukosa maarifa. Aliogopa kupoteza urafiki.

Na kila mmoja wetu anaye Kaisari wake wa karibu. Pengine wewe unayesikiliza umeitwa kuwa shahidi katika kesi ya shamba, na mwenye nguvu anataka useme alivyokupangia, huku mjane akitazama. Pengine wewe ni mzee wa kanisa, unajua kwamba hesabu ya fedha za harambee haikusomwa sawasawa, lakini aliyezishika ndiye atoaye sadaka kubwa kuliko wote. Pengine unatakiwa kutia sahihi karatasi ambayo unajua ni ya uongo. Hapo ndipo neno lile litakapokujia: usipofanya hivi, wewe si rafiki yetu.

Tusifikiri kwamba dawa yake ni matusi. Cordus hakutukana mtu, alisema yaliyotukia. Wala tusijifanye wachongezi, tukingoja robo ya mali ya jirani. Sema kweli, kwa adabu, mahali panapohusika, na uwe tayari kulipa gharama yake. Kama huna sauti, basi uwe kama Marcia: ihifadhi kweli, usiikubalie ichomwe. Na katika Yohana 15 yuko mwingine anayetuita rafiki zake, naye hakutuuza ili aokoe nafsi yake. Aliutoa uhai wake kwa ajili yetu. Mwenye urafiki huo hataogopa sana kuukosa ule mwingine.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyesimama mbele ya Pilato bila hofu, tunawaombea wanaotutawala, uwape hekima na haki. Walinde wanaoogopa leo kwa sababu ya kusema kweli. Ondoa uchongezi katika vijiji vyetu na sifa za uongo katika makanisa yetu. Uutakase ulimi wetu, utupe moyo wa kukukiri wewe. Kwa jina lako tumeomba. Amina.